Viinimacho tisa katika wimbo mmoja

"Nimekuwa nikizitazama tena na tena video za muziki na filamu za mwongozaji Mfaransa Michel Gondry, na ndizo zilizonitia hamu ya kushika kamera. Rafiki yangu ni mwimbaji, naye alinikabidhi wimbo wake wa dakika tatu niutengenezee video. Wimbo unamhusu mtu anayerudi katika nyumba ya mama yake aliyefariki. Kiitikio hurudi mara nne, na kila kinaporudi kinapungua neno moja. Nilitumia simu na vitu vya nyumbani tu, kwa sababu nilisoma kwamba Gondry hatumii kompyuta. Niliweka maji ya karatasi ya nailoni, viti vinavyotembea vyenyewe, mikono mikubwa ya maboksi, mwimbaji akitokea mara mbili katika fremu moja, na vingine, jumla viinimacho tisa. Matokeo yananikatisha tamaa. Rafiki yangu alisema kwa upole kwamba ni kama maonyesho ya mazingaombwe, na pale anapotokea mara mbili kuna mstari katikati na nuru inachezacheza. Je, tatizo ni vifaa, ni mimi, au sanaa hii ya kindoto ina kanuni nisiyoijua? Na kumwiga mtu kiasi hiki si wizi?"

Ndugu msomaji, swali lako limebeba mambo mawili yaliyofungwa pamoja, nami nitaanza kwa kuyatenganisha. Mstari katikati ya fremu na nuru inayocheza ni kasoro za ufundi, na zinarekebishika kwa alasiri moja bila kununua chochote. Hata hivyo, ungezifuta kabisa kasoro hizo, maneno ya rafiki yako yangebaki palepale, kwa kuwa hakulalamikia ubora wa picha. Alichokiona ni viinimacho vinavyojitangaza vyenyewe huku wimbo wake ukipita kando. Hilo ni jambo la fikra, linatangulia kamera, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya jibu langu.

Kwanza niondoe uvumi uliokupotosha. Si kweli kwamba Gondry hatumii kompyuta. Sifa hiyo ilimshika kwa sababu ya maboksi, pamba na nailoni vilivyojaa katika The Science of Sleep ya mwaka 2006, na kwa sababu katika Eternal Sunshine of the Spotless Mind ya mwaka 2004 alipenda kumaliza hila nyingi mbele ya lenzi, papo hapo. Lakini itazame Come into My World ya Kylie Minogue, ya mwaka 2002, ambamo mwimbaji anazunguka makutano ya barabara huko Boulogne-Billancourt, kando ya Paris, na kila akimaliza mzunguko anaongezeka mwingine wa kufanana naye, pamoja na wapita njia wote waliokuwapo. Video hiyo isingewezekana bila kamera inayoongozwa na mashine ili irudie mwendo uleule kwa usahihi, kisha mizunguko yote ikapachikwa pamoja kwa kompyuta. Katika Like a Rolling Stone aliyowatengenezea The Rolling Stones mwaka 1995, kompyuta ndiyo iliyojaza pengo kati ya picha zilizopigwa kutoka pembe tofauti, hata jicho la mtazamaji likaonekana kuelea ndani ya wakati uliosimama. Kwa hiyo, kama ulijinyima programu ya uhariri kwa kudhani kwamba unamfuata, ulijinyima bure. Mtu huyu hutumia mkasi pale mkasi unapofaa, na hutumia kompyuta pale mkasi unaposhindwa.

Dhana ya pili inayohitaji kusahihishwa hukuitaja waziwazi, ila inaonekana katika hesabu yako ya viinimacho tisa. Ni ile dhana kwamba sanaa ya kisurealisti, yaani hiyo unayoiita ya kindoto, ni mahali ambapo lolote linaruhusiwa. Fikiri jinsi ndoto inavyokuwa. Unaota uko katika nyumba ya utotoni, na badala ya sakafu kuna bahari, lakini wewe hushangai. Unaendelea kutafuta ufunguo uliotumwa kuutafuta, una wasiwasi kwamba utachelewa, na mtu aliyekutuma bado ana hasira ileile. Kitu kimoja kimevunjika, vingine vyote vinakwenda kwa nidhamu. Nidhamu hiyo ndiyo inayomfanya mwotaji aamini. Ukivunja vitu tisa kwa mpigo, hakuna tena cha kawaida kinachobaki ili kisichokuwa cha kawaida kionekane, na mtazamaji huacha kuamini na kuanza kuhesabu: hiki kilifanywaje, na kile je? Anapofika hapo umeshampoteza, hata kama anapiga makofi.

Gondry alikuwa mpiga ngoma kabla ya kuwa mwongozaji. Alipiga katika bendi iliyoitwa Oui Oui na ndiye aliyetengeneza video za bendi hiyo; mwimbaji Björk wa Iceland alizipenda akamwita, na kutoka hapo ikazaliwa Human Behaviour ya mwaka 1993. Ninautaja wasifu huu kwa sababu mpiga ngoma husikiliza wimbo kwa namna yake. Huuliza ni nini kinachojirudia, kila baada ya mapigo mangapi, na nani anaingia lini. Tazama Around the World ya Daft Punk, ya mwaka 1997, ambayo uchezaji wake ulipangwa na Blanca Li. Kuna makundi matano ya wachezaji juu ya jukwaa la mviringo lililo kama sahani ya santuri, na kila kundi limekabidhiwa sauti moja ya wimbo. Maroboti ni ile sauti ya kimashine inayorudia jina la wimbo, wanariadha warefu wenye vichwa vidogo ni besi, wasichana waliovaa nguo za kuogelea ni kinanda, viunzi vya mifupa ni gitaa, na maiti zilizoviringishiwa bendeji ni mashine ya ngoma. Besi inapopanda, wanariadha hupanda ngazi; inaposhuka, nao hushuka. Hakuna hadithi, hakuna ufafanuzi, na mavazi ni ya kuchekesha, ila kanuni haivunjwi hata mara moja. Izime sauti ya video hiyo siku moja, utaona kwamba bado unaweza kuuhesabu wimbo kwa macho.

Star Guitar ya The Chemical Brothers, ya mwaka 2002, inafuata kanuni ngumu zaidi. Tunachokiona ni dirisha la treni tu, na nje mandhari yanapita: nguzo, matangi, majengo, daraja. Inachukua muda kidogo kabla ya kutambua kwamba kila nguzo inapita sawasawa na pigo la ngoma, na kwamba jengo linarudi kila sauti yake inaporudi. Picha zilipigwa kwenye njia ya reli kati ya Nîmes na Valence, kusini mwa Ufaransa, katika safari kadhaa za nyakati tofauti za siku, kisha zikasukwa kwa kompyuta. Lakini kabla ya kompyuta hizo, Gondry aliupanga wimbo kwa vitu vya kushikika: machungwa, uma, vitabu, viatu, kila kimoja kikisimama badala ya sauti fulani, vikiwekwa kwa safu ili mpangilio wa muziki uonekane kama mpangilio wa vitu. Mimi huwapa wanafunzi wangu zoezi hilohilo hata kabla hawajagusa kamera, na wengi huona ni mchezo wa watoto mpaka wagundue kwamba hawaujui wimbo walioupenda kwa miaka.

Sasa rudi kwenye wimbo wa rafiki yako. Uliniambia, katika nusu sentensi na kama jambo la kupita, kwamba kiitikio kinarudi mara nne na kila mara kinapungua neno moja. Ndugu yangu, hiyo ndiyo video! Mtunzi amekwisha kukupa kanuni mkononi, nawe ukaiacha mlangoni ukaenda kutafuta mikono ya maboksi. Nyumba ya marehemu, na kitu kinachopungua kila tunaporudi: kunaweza kuwa na njia nyingi za kuionyesha, na sitaki kukuchagulia, lakini yoyote utakayoichagua inapaswa kutii hesabu hiyo. Samani zinaweza kupungua, rangi inaweza kupungua, chumba chenyewe kinaweza kupungua.

Hilo la mwisho Gondry amewahi kulifanya. Katika Mood Indigo ya mwaka 2013, iliyotokana na riwaya ya Boris Vian, mke anaugua ua linaloota ndani ya pafu lake, na kadiri ugonjwa unavyozidi ndivyo nyumba inavyosinyaa na kuingia giza, na rangi zinavyofifia hadi filamu inakuwa nyeusi na nyeupe. Ninaitaja filamu hiyo kwa sababu mbili, na ya pili si ya sifa. Sehemu yake ya kwanza imejaa ubunifu mpaka inachosha: kinanda kinachochanganya vinywaji, chombo cha kupanda chenye umbo la wingu, chakula kinachotembea mezani, kila dakika kitu kipya. Kwa maoni yangu hapo hata bwana mkubwa alifanya kosa lako, akatutia shibe kabla ya kutufanya tuwapende wahusika. Filamu inapoanza kupokonya vitu, ndipo inapoanza kuuma.

Mfano mwingine ulio karibu zaidi na wimbo wako ni Dead Leaves and the Dirty Ground ya The White Stripes, ya mwaka 2002. Mwanamume anarudi nyumbani na kukuta kumeharibiwa, na juu ya kuta na samani hizohizo zinarushwa kwa projekta picha za yaliyotokea humo. Hila ni moja tu na ni rahisi kuieleza: picha ya zamani inaangukia mahali palepale ilipopigwa. Hata hivyo hila hiyo na maana yake haviachani, kwa kuwa kumbukumbu nayo ni picha ya zamani iliyoangukia juu ya kiti cha sasa. Jiulize swali hili juu ya kila kimoja kati ya viinimacho vyako tisa: kikiondolewa, wimbo unapoteza nini? Nina hakika saba vitaondoka bila kulalamika.

Nihamie kwenye ufundi, maana hapo umenipa dalili za kutosha kufanya uchunguzi.

Nuru inayochezacheza ina vyanzo viwili, na huenda una vyote viwili. Cha kwanza ni simu yenyewe, ambayo hupima mwanga upya kila mara na kuurekebisha bila ruhusa yako. Mwimbaji aliyevaa nguo nyeupe akipita kutoka kushoto kwenda kulia, simu hudhani mwanga umeongezeka na hukitia chumba kizima giza kidogo. Unapokuja kuunganisha nusu ya kushoto na nusu ya kulia, ukuta ule ule una rangi mbili, na huo ndio mstari wako. Dawa yake ni kufunga mipangilio mitatu kabla ya kuanza: kiasi cha mwanga, fokasi, na rangi ya mwanga. Simu nyingi hufunga viwili vya kwanza ukibonyeza na kushikilia kidole kwenye kioo. Cha tatu mara nyingi huhitaji programu ya kamera yenye udhibiti wa mkono. Chanzo cha pili ni taa. Umeme wa majumbani hupiga mara 50 au mara 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na taa nyingi hufifia na kuwaka mara mbili ya idadi hiyo, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Kamera huona. Ukiwa kwenye umeme wa mara 50 ukapiga fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 30 kwa sekunde, mawimbi hayo hayapatani na fremu na picha huanza kupumua. Piga fremu 25. Kwenye umeme wa mara 60, piga 30.

Ama kuhusu mstari, usiuchore katikati ya ukuta mtupu, ambako jicho halina kingine cha kutazama. Upitishe kwenye kingo iliyokuwapo tayari, kama mwimo wa mlango au ubavu wa kabati, na jicho litadhani ni sehemu ya nyumba. Simu iwe kwenye stendi iliyokazwa, madirisha yafunikwe ili wingu likipita lisikuharibie, na urekodi mfululizo bila kuzima: mwimbaji acheze upande wa kushoto, atoke, azunguke nyuma ya kamera, aingie upande wa kulia. Ukigusa simu katikati ili kuanza upya, itasogea kwa kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi ila picha itakitangaza. Kuna kitu kimoja ambacho hata wenye uzoefu hukisahau, nacho ni kivuli. Mwili wa mwimbaji unaweza kukaa upande wake kwa utii, huku kivuli chake kikivuka mpaka na kukatwa kama kwa wembe. Sogeza taa mpaka kivuli kianguke nyuma yake au kielekee nje ya fremu.

Au achana na mstari kabisa. Katika Eternal Sunshine kuna tukio ambapo mhusika wa Jim Carrey anajitazama mwenyewe ndani ya ofisi ya daktari. Haikuhitaji kuunganishwa. Kamera inageuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na wakati inageuka Carrey anakimbia nyuma yake, anabadili koti na kofia, na kukaa upande wa pili kabla lenzi haijamfikia. Faida yake si uzuri wa ufundi tu. Mwigizaji aliyetoka kukimbia anahema kidogo na macho yake yana haraka, na hali hiyo inafaa kwa mtu aliyepotea ndani ya kumbukumbu zake. Kwa mwimbaji wako ningelijaribu hili kwanza.

Uliuliza kama tatizo ni vifaa. Kwa hila moja muhimu, simu yako ni bora kuliko kamera kubwa. Ninazungumzia kucheza na umbali, ile hila ya kumfanya mtu mzima aonekane mdogo kama mtoto. Katika Eternal Sunshine hiyohiyo, Carrey anarudi utotoni jikoni, chini ya meza, na anaonekana kama kijana wa miaka minne huku akiwa na mwili wake wa kawaida. Seti ilijengwa kwa vipimo viwili. Mtu mzima alisimama karibu na lenzi kwenye sehemu yenye vipimo vya kawaida, Carrey akakaa mbali zaidi kwenye sehemu iliyojengwa kubwa kupita kiasi, na pembe ya kamera ikaviunganisha viwili hivyo kuwa jiko moja. Msingi wake ni hesabu nyepesi: kitu kikiwa mbali mara mbili, huonekana nusu ya ukubwa wake. Macho yetu mawili yangegundua udanganyifu huo mara moja kwa sababu kila jicho huona kutoka mahali tofauti kidogo, lakini kamera ina jicho moja, na hivyo haijui umbali isipokuwa kwa dalili. Kazi yako ni kuzificha dalili hizo.

Dalili ya kwanza ni ukungu. Kamera kubwa yenye tundu pana la lenzi ikilenga mtu wa karibu, wa mbali hupata ukungu na siri hufichuka, ndiyo maana wapiga picha hulazimika kubana tundu na kumwaga taa nyingi. Simu ina kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, na kwa kawaida huona karibu na mbali kwa ukali unaokaribiana bila jitihada. Dalili ya pili ni mwendo: kamera ikisogea pembeni hata kwa upana wa kiganja, kitu cha karibu hukimbia kuliko cha mbali na jiko lako hupasuka vipande viwili. Kwa hiyo kamera isitembee. Dalili ya tatu ni mahali sakafu mbili zinapokutana, na hapo ndipo meza, zulia au mgongo wa kiti huwekwa ili kuziba. Ukifanya majaribio, fumba jicho moja na usimame hasa pale lenzi itakapokuwa; ukiona uongo kwa jicho moja, kamera nayo itauona.

Kwa viti vinavyotembea nina ushauri mfupi. Umevisogeza kwa kamba, nadhani, na kamba hufanya kiti kionekane kinavutwa. Njia ya kupiga picha moja, kusogeza kidogo, na kupiga nyingine hukifanya kionekane kina nia yake, lakini hesabu gharama yake ya muda. Kwa picha 12 kwa kila sekunde, dakika tatu za wimbo ni picha 2,160. Ukitumia nusu dakika kwa kila picha, hizo ni saa 18 za kuinama na kuinuka. Fell in Love with a Girl ya The White Stripes, ile iliyojengwa kwa matofali ya Lego fremu baada ya fremu, ni ya wimbo usiofika dakika mbili, na nadhani ufupi huo ulisaidia uamuzi. Ikiwa unataka viti vitembee, vitembee kwa sekunde kumi mahali panapostahili.

Sasa kuhusu wizi. Kwa jumla, sheria za hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa. Mbinu yenyewe haina mwenyewe. Kumfanya mtu apotee kwa kusimamisha kamera kulifanywa na Georges Méliès katika miaka ya 1890, na kuirudisha filamu kinyumenyume ili glavu zionekane zikiruka na kuvaa mikono kulifanywa na Jean Cocteau katika Orphée ya mwaka 1950. Gondry amerithi kwao kama wewe unavyorithi kwake. Sharti ni kwamba usirudie mandhari yake, mavazi yake na mfuatano wa picha zake kwa pamoja kiasi cha mtazamaji kuona nakala.

Lakini kuna kuiga kusikovunja sheria ambako bado kunaharibu kazi, na mikono yako ya maboksi ni mfano wake. Mkono mkubwa kupita kiasi katika Everlong ya Foo Fighters, ya mwaka 1997, na ambao unarudi katika The Science of Sleep, unatoka katika jinamizi la Gondry mwenyewe la utotoni. Kwake ni hofu. Kwako ni pambo, kwa kuwa hujawahi kuogopa mkono mkubwa. Umeuona tu kwa mtu mwingine. Rafiki yako anaijua nyumba anayoiimba. Kaa naye umuulize ni kitu gani ndani yake alikuwa akikiogopa alipokuwa mdogo, sauti gani ilisikika usiku, ni mlango upi haukufunguliwa. Jibu moja la kweli litakupa picha ambayo Gondry hawezi kuwa nayo.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na hapo umtafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukitaka kuning'iniza kitu chochote kizito juu ya kichwa cha mwimbaji, kuweka taa za umeme karibu na maji, au kuwasha moto ndani ya nyumba, usifanye bila fundi anayejua kazi hiyo kusimama hapo. Ukipanga kuwasha na kuzima taa kwa kasi ili zifuate ngoma, kumbuka kwamba mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumletea kifafa mtazamaji mwenye usikivu huo. Punguza kasi, au achana nao. Haki za wimbo nazo, ikiwa kuna mtayarishaji au kampuni iliyohusika katika kuurekodi, ziangaliwe na mwanasheria kabla hujachapisha, kwa sababu urafiki wenu haumfungi mtu wa tatu. Na kabla hujaanza kupiga upya, omba kukaa nusu siku pembeni ya mhariri mwenye uzoefu umwangalie akikata wimbo wowote. Namna mkono wake unavyosubiri kabla ya kukata ni somo ambalo sijui namna ya kuliandika.

Ukirudi katika nyumba hiyo na kamera, na ukiwa umekubali kwamba vitu vitapungua kadiri kiitikio kinavyopungua, piga viitikio kwa mpangilio wa wimbo, kutoka chumba kilichojaa hadi kilicho kitupu. Kuondoa kiti ni rahisi. Kukirudisha mahali pake palepale, na kivuli chake kile kile, baada ya kugundua kwamba kiitikio cha kwanza kilikuwa na kasoro, karibu haiwezekani. Weka alama za utepe chini ya kila mguu wa samani, piga kiitikio cha kwanza mara tatu au nne, kaeni chini wewe na rafiki yako mkitazame chote kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu, na mkikubaliana nyote wawili kwamba kimekamilika, ndipo mtoe kiti cha kwanza nje.